Nakala ya Jana

Kwao walimwita Kitinda kwa sababu alikuwa kitinda mimba. Hata alipofikisha miaka thelathini na miwili, akawa fundi wa tovuti mwenye meza yake ofisini na ufunguo wake wa mlango, jina hilo halikumbanduka. Aliishi na kaka yake mkubwa, dereva wa lori aliyeshushwa barabarani na maradhi ya figo. Kaka alikuwa mtu wa maneno mengi na maji machache. Daktari alimruhusu vikombe vitatu tu kwa siku, naye alivinywa kwa kulamba lamba kama paka, huku akisimulia habari za safari zake za zamani.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kaka alikwenda kliniki kusafishwa damu kwa mashine. Kliniki ilikuwa na majengo mawili: jengo la zamani, mitaa mitatu kutoka ofisini kwa Kitinda, na tawi jipya lililokuwa ng'ambo ya pili ya mji. Mashine zilikuwa haba, na zilizokuwapo ziliharibika kwa kupokezana, kwa hiyo ratiba haikutulia. Kabla ya kutoka nyumbani, mgonjwa alitakiwa afungue tovuti ya kliniki aone zamu yake ni jengo gani, saa ngapi, mashine namba ngapi.

Lakini tovuti yenyewe ilikuwa haifunguki.

"Njoo uone kazi ya wenzako," kaka alimwambia asubuhi moja, simu ikiwa imelala mezani mbele yake. "Nimeifungua, nimepiga mswaki, nimerudi, bado inazunguka."

Kitinda alitazama saa yake ya mkononi na kuhesabu. Ukurasa ulifunguka baada ya sekunde hamsini na nane, na kitu cha kwanza kutokea kilikuwa picha ya watu wenye suti wakikata utepe.

"Wiki iliyopita nilichoka kungoja nikaondoka," kaka alisema. "Nikafika jengo la zamani, naambiwa leo ni tawi. Mwenzio nilifika kule miguu imevimba kama mihogo."

Alisema akicheka, lakini Kitinda hakucheka. Aliziangalia zile sandali alizovaa kaka, zilizofunguliwa kamba hadi tundu la mwisho, akaona haya. Yeye kutwa alikuwa anahangaikia tovuti za wauza viatu na wauza mapazia zifunguke upesi, na ya kaka yake hakuwahi hata kuitupia jicho.

Jumatano ile alimsindikiza na kwenda moja kwa moja kwa Sista, muuguzi mkuu wa zamu, mwanamke mrefu aliyetembea na kalamu tatu mfukoni na kuzungumza kama anayetoa dozi. Kitinda alijieleza. Sista alimsikiliza, akafungua droo na kutoa kijikaratasi kilichokunjwa mara nne.

"Aliyeitengeneza alipata kazi kwingine. Alituachia hii nywila tu. Unaweza?"

"Naweza."

"Basi chukua kiti kule stoo. Lakini ratiba usiniguse."

Kwa siku tatu Kitinda aliomba ruhusa ya kutoka mapema kazini, akawa anakaa stoo katikati ya maboksi ya mipira ya kupitishia damu na chupa za dawa. Alichokikuta kilimfanya atikise kichwa. Ile picha ya utepe ilikuwa imepandishwa kama ilivyotoka kwenye kamera, kubwa kiasi cha kutosha kuchapishwa bango la barabarani. Chini yake zilifuata picha nyingine tisa zikipokezana bila mtu kuziomba. Kulikuwa na kihesabio cha wageni ambacho hakuna aliyekisoma, na ratiba ilibeba mgongoni zamu zote za miaka mitatu iliyopita, hata za watu waliokwisha kufariki. Yote hayo mgonjwa mwenye simu ya kawaida na mtandao wa kuvizia alilazimika kuyapakua ili aone mstari mmoja unaomhusu.

Alipunguza, akakata, akatupa. Sekunde hamsini na nane zikawa ishirini, zikawa tisa, zikawa nne. Mwisho akafanya jambo ambalo mafundi wote hulifanya: akaiagiza seva iwaambie simu za watu zijiwekee nakala ya kurasa na kuitumia kwa siku nzima, zisirudi kuuliza kila mara. Ratiba aliitoa katika agizo hilo, kwa sababu ratiba hubadilika. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba ukurasa uitwao "ratiba" usiwekwe nakala. Akajaribu kwa simu yake. Kufumba na kufumbua, ukurasa ulikuwa umefunguka.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za sifa. Wagonjwa walimshika mkono koridoni. Mzee mmoja alimwombea dua. Kaka ndiye aliyevimba kichwa kuliko wote. Akawa anafungua ratiba asubuhi akiamka na tena kabla ya kutoka, kisha anawapigia wenzake wasiojua mambo ya simu na kuwasomea zamu zao kama mtangazaji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kitinda hakutia maji kwa makusudi, lakini sifa zilimlevya kidogo. Hakurudi kuikagua kazi yake.

Jumatano ya tatu, saa saba na robo mchana, alikuwa ofisini akibishana na muuza mapazia kwa simu, mara akaona namba ya Sista inaingia.

"Binti, huku kuna nini?" Sista hakusalimia. "Pampu ya maji ya jengo la zamani imekufa tangu asubuhi. Saa tano nimebadilisha ratiba, zamu yote ya saa nane nimeihamishia tawi. Mimi niko tawini, na mlinzi wa kule ananiambia watu wanakwenda jengo la zamani. Wanasema wameona kwenye simu."

"Subiri, Sista. Naangalia."

Kitinda alifungua ratiba kwenye kompyuta. Iliandikwa tawi, saa nane. Akashusha pumzi. Kisha akachukua simu yake, ile aliyofungulia ratiba asubuhi akinywa chai, akaifungua tena. Ukurasa ulikuja haraka, msafi, wa kupendeza: jengo la zamani, saa nane.

Alirudi kwenye seva, akasoma agizo lake neno kwa neno, kisha akasoma anwani ya ukurasa. Fundi wa kwanza, pengine kwa haraka, pengine kwa usingizi, alikuwa ameuita "ratiiba". Kwa i mbili. Yeye alikataza nakala za "ratiba" kwa i moja. Katazo lake lilikuwa limekaa pale wiki mbili na ushei likilinda ukurasa usiokuwapo.

"Sista," alisema, "simu zao zinaonyesha nakala ya asubuhi. Kosa ni langu."

"Lirekebishe basi."

"Nalirekebisha sasa hivi. Lakini..." Vidole vyake vilikuwa vinaongeza ile i ya pili katika agizo, na alikwisha kujua kwamba havisaidii. "Nakala zilizokwisha kuingia kwenye simu siwezi kuzirudisha. Simu haitauliza tena mpaka kesho asubuhi. Ni maji yaliyomwagika."

Kitinda alisikia kengele ya mashine ikilia huko mbali.

"Zamani tulikuwa tunawapigia wote ratiba ikibadilika," Sista alisema polepole. "Tangu ukurasa uwe mwepesi, tumeacha."

"Wako wangapi?"

"Kumi na mmoja. Andika namba. Wewe sita, mimi watano. Na huyu wa kwanza mtafute kabla ya wote, Mama Vifungo. Jumatatu alikuwa na homa, hakuja. Ana siku tano hajasafishwa damu."

Kitinda alimfahamu Mama Vifungo kwa kumwona. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mzito wa umbo na mwepesi wa mzaha, aliyekuja kliniki na mfuko wa vifungo akiwashonea wauguzi makoti yao huku damu yake ikizunguka kwenye mipira. Siku tano. Kaka alikuwa amewahi kumweleza maana yake: maji yanapanda, yanajaa mapafuni, mtu anazama akiwa nchi kavu.

Alipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Ikaita, ikakata.

Akawapigia wengine, kwa haraka akakosea namba mara mbili. Wa kwanza alikuwa bado nyumbani. Wa pili alikuwa njiani, akageuza. Wa tatu alimtukana kidogo, kisha akashukuru. Wa nne alipokea mwanawe. Wa tano alikuwa kaka.

"Niko hapa getini," kaka alisema. "Tuko wanne. Mlinzi ametupa viti. Mbona unahema?"

"Kaka, leo ni tawi. Ratiba mliyoiona ni ya zamani. Mwambie kila anayefika. Gari la kliniki linakuja kuwachukua."

"Ya zamani vipi? Mimi nimeifungua saa sita."

"Nitakueleza. Mama Vifungo umemwona?"

"Hajafika."

Alimpigia tena Mama Vifungo, mara ya tano, ya sita, ya saba. Kila mlio ulipokata alihisi kama mtu anayefungiwa mlango. Alimwambia bosi wake neno moja tu, "mgonjwa," akashuka ngazi mbili mbili, akasimamisha pikipiki. Sista alikuwa amemtumia maelezo ya nyumba: nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa bluu.

"Kimbia," alimwambia dereva.

"Dada, nikimbie kiasi gani?"

"Kiasi cha kutofika tumekufa."

Njiani upepo ulimpiga macho, naye akawa anawaza mambo ambayo hakutaka kuyawaza. Alimwona yule mama kalala sakafuni karibu na cherehani, simu ikiita juu ya meza. Alijiona akisimama mbele ya wanawe akieleza habari za herufi. Nani angeelewa? Angesema nini? Kwamba mama yenu ameuawa na i?

Walipofika, mlango wa bluu ulikuwa na kufuli. Jirani, mwanamke aliyekuwa akianua nguo, alimwangalia alivyolowa jasho.

"Ametoka saa sita na nusu. Kaenda hospitali. Alikuwa anatembea kwa kupumzika pumzika, nikamwambia ngoja nikusindikize, akakataa."

"Hospitali ipi? Alisema jengo lipi?"

"Mwanangu, mie nitajuaje?"

Kitinda alisimama pale, simu mkononi, jua likimchoma utosi. Kama alitoka saa sita na nusu, alikwisha kufika. Getini hakuwapo. Tawini hakuwapo, Sista alikwisha kumwandikia hivyo. Basi mtu mzima amekwenda wapi? Alimpigia kaka.

"Wenzangu wamechukuliwa, mimi nimebaki kungoja waliochelewa," kaka alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. Hata yeye ilikuwa siku yake, na mwili ulikuwa unadai. "Hajaja, mdogo wangu. Nimekodoa macho."

"Kaka, yule mama huwa anaangalia ratiba kwa simu gani? Labda aliona kitu kingine."

Sauti ya kaka sasa haikuwa ya yule mtangazaji.

"Yeye haangalii, Kitinda. Simu yake ni ya kubonyeza. Mimi ndiye humsomea. Nilimpigia saa sita, nikamwambia jengo la zamani, saa nane." Akaongeza, "Na nikamwambia, kwa hali yako usipande zile ngazi za mbele. Pitia nyuma, mlango wa kufulia."

"Nenda nyuma, kaka! Nenda sasa hivi!"

Alirukia pikipiki, simu ikiwa bado sikioni. Alisikia hatua za kaka zikiburura, alisikia pumzi zake, akasikia ngurumo ya mashine za kufulia mashuka ikikaribia na kumeza kila kitu. Kisha sauti ya kaka, ya mbali, ikiita, "Mama! Mama Vifungo!" Kisha simu ikakatika.

Dakika zile nane za safari, Kitinda alizihesabu moja moja.

Nyuma ya jengo la zamani kulikuwa na benchi la mbao chini ya kibati, ukutani karibu na mlango wa kufulia. Mashine tatu kubwa zilinguruma ndani kiasi cha kutetemesha kibati. Mama Vifungo alikuwa ameketi hapo, ameinama mbele, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyemaliza kupanda mlima. Uso ulikuwa umejaa, midomo imegeuka rangi. Mkoba wake ulikuwa ubavuni, na simu ilikuwa humo ndani, chini ya kanga na mfuko wa vifungo. Kaka alikuwa amepiga magoti mbele yake na kumshika mikono.

"Anapumua," kaka alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. "Nimemwita Sista. Gari linarudi."

Mama Vifungo aliinua macho. "Nimegonga," alisema kwa vipande. "Hakuna... aliyefungua. Nikadhani... bado saa."

Kitinda aliketi kando yake, akamwegemeza. Aliusikia mwili ule mzito ukipigania kila pumzi, na ndani yake, chini sana, sauti kama ya maji yanayochemka. Alisema tu, "Gari linakuja, mama. Gari linakuja," mpaka likaja.

Tawini walimpokea na hewa ya mtungi kabla hajashuka vizuri. Ndani kulikuwa na mashine kumi na moja; ya Mama Vifungo ilikuwa imeharibika mchana huo, na nyingine zote zilikuwa na watu isipokuwa moja, nayo ilikuwa imeandikwa kwa kaka.

"Mpe," kaka alimwambia Sista.

"Wewe nawe unahitaji. Nafasi nyingine ni saa moja jioni."

"Sista, mimi bado naweza kusimulia hadithi. Huyo hawezi. Mpe."

Sista alimtazama, akamtazama na Mama Vifungo kitandani, akaanza kufunga mipira.

Kitinda na kaka walikaa koridoni kwenye viti vya plastiki. Kaka, aliyezoea kuongea hata usingizini, aliitazama sakafu. Miguu yake ilikuwa imefutuka, naye akaifunika kwa koti ili mdogo wake asiione. Kila mlango ulipofunguliwa, Kitinda aliinuka nusu, akakaa. Mara moja muuguzi alitoka mbio, akarudi na chupa, lakini chupa ilikuwa ya mgonjwa mwingine.

"Ni mimi niliyemwambia mlango wa nyuma," kaka alisema hatimaye.

"Ulimsomea nilichokuandikia mimi."

"Nilikuwa najifanya bwana ratiba."

"Kaka, nyamaza. Tafadhali."

Ilikuwa karibu saa kumi na moja Sista alipotoka, glavu zikiwa bado mkononi.

"Maji yanatoka. Anapumua vizuri zaidi. Atalala hapa siku mbili tatu tumwangalie." Akavua glavu. "Mngechelewa saa moja zaidi, tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Kitinda alisimama. "Sista, nataka kusema mbele yako na mbele ya mkurugenzi. Niliandika agizo bila kuangalia jina la ukurasa. Herufi moja. Na sikurudi kujaribu ratiba ikibadilika."

"Utasema, na nitakuwa nimesimama hapo," Sista alijibu. "Na mimi nitasema nani aliyeamuru simu ziachwe. Hakuniambia mtu. Niliona raha tu kupunguziwa kazi." Akaingia ndani, mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake.

Kaka aliwekwa kwenye mashine saa moja na nusu. Alitoka amepauka, lakini alitoka kwa miguu yake.

Wiki iliyofuata Kitinda aliifumua kazi yake. Jina la ukurasa alilisahihisha, na ratiba akaiamuru iulizwe upya kila inapofunguliwa, hata na simu iliyoifungua dakika moja iliyopita. Juu kabisa, kwa herufi nene, aliweka mstari unaosema ratiba imebadilishwa lini, siku na saa. Ukurasa sasa ulichukua sekunde sita. Kisha akamwomba Sista abadilishe zamu ya uongo mara kumi, naye akaangalia kwa simu kumi tofauti za wauguzi, moja baada ya moja, mpaka wauguzi wakaanza kumkimbia koridoni. Na simu za kuwapigia wagonjwa zilirudi, kwa amri iliyobandikwa ukutani.

Mama Vifungo, Kitinda alimkuta wodini siku ya tatu tangu alazwe, ameketi, uso umerudi kuwa wake. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Alimwambia yote, hata ile i ya pili. Yule mama alisikiliza akitazama dirishani.

"Unajua nilikuwa nawaza nini pale benchi?" alimuuliza. "Nilidhani mmeamua kunisahau. Nimekosa siku moja kwa homa, basi nafasi yangu wamepewa wenye nguvu. Hilo ndilo lililoniuma. Si kifua."

Kitinda alishindwa kumtazama.

"Samahani, mama."

"Nimeisikia." Hakusema kwamba amesamehe. Alinyoosha shuka magotini, akalikunja pembe, akalikunjua. "Sitaki tena kusomewa na kaka yako. Siku za zamu yangu nipigie wewe mwenyewe."

Tangu hapo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Kitinda hupiga. Haamini kompyuta yake, haamini simu yake. Jumatatu ya kwanza aliifungua ratiba mara nne, ikawa ileile mara zote, bado mkono ukawa mzito kubonyeza namba. Akatoka ofisini, akatembea mitaa mitatu hadi jengo la zamani, akapanda hadi chumba cha Sista, akasoma majina kwenye ubao wenye maandishi ya kalamu. Hapo ndipo alipompigia.

"Leo ni jengo la zamani, mama. Saa nane. Mlango wa mbele, nitakuja kukushika mkono kwenye ngazi."

"Una uhakika?"

"Nimesimama mbele ya ubao, na Sista yuko hapa kando yangu."

"Mpe simu," Mama Vifungo alisema.

Kitinda akampa Sista simu, akangoja.